Unataka Linux na Windows zikae nyumba moja? Hesabu vyumba kwanza!

Msomaji wangu, kama umekulia mjini unazijua nyumba zetu za kupanga. Vyumba sita, korido moja, choo uani, na mama mwenye nyumba ambaye akikuambia "chumba kipo" usikimbilie kubeba kitanda. Nenda kakione kwanza. Utakuta kipo kweli, ila kimejaa magunia ya mkaa ya mpangaji wa zamani, na ufunguo anao yeye.

Basi bwana, diski ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Siku hizi vijana wengi vijiweni wamesikia habari za Linux. Wameambiwa ni ya bure, haili sana nguvu ya mashine, na kwamba virusi vingi vinavyozunguka kwenye fleshi za mtaani vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo huko vinafika havina pa kushika. Wameambiwa pia unaweza kuiweka kwenye mashine ileile yenye Windows, ukiwasha unachagua uingie wapi. Yote hayo ni kweli. Wasichoambiwa ni kwamba kasheshe haliko kwenye Linux yenyewe. Kasheshe liko kwenye kugawana vyumba na mpangaji wa zamani.

Kwa wasioijua, Linux ilianzishwa mwaka 1991 na kijana wa Kifini, Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, umri wake miaka 21. Leo kuna aina chungu nzima. Mojawapo inaitwa Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 chini ya tajiri wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Juu ya Ubuntu imejengwa nyingine iitwayo Linux Mint, na hiyo ndiyo niliyoipenda mimi, maana sura yake haimshangazi mtu aliyezoea Windows.

Sasa tuje nyumbani. Mimi na dada yangu tunamiliki laptopu moja. Ni ya mtumba, tuliinunua Kariakoo, kila mmoja akatoa nusu. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, naokoteza kazi za kuandika huku na kule. Dada ana kibanda cha steshenari, anachapa barua za kuomba kazi na kutoa kopi. Tena ni katibu wa kikoba cha kina mama thelathini na wawili wa mtaani kwetu. Hisa, mikopo, faini za kuchelewa, vyote vimo kwenye faili moja la Excel. Daftari la zamani lililowa mvua za masika, kurasa zikashikana kama chapati. Kwa hiyo lile faili ndiyo roho ya kikoba.

Kilichonisukuma ni tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya kuziba matundu ya usalama kwenye Windows 10. Windows 11 nayo inadai mashine iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa zisizo za kizamani. Laptopu yetu ni bibi, haina hata dalili. Nikaona heri intaneti tuingilie Linux, na Windows ibaki ya kuchapa na hesabu tu, isitoke nje ya geti.

Nilipomweleza dada, alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mdogo wangu," akasema, "zile ni pesa za watu. Kuna mama pale anasubiri mgawo amlipie mtoto ada. Faili likipotea haitaulizwa kompyuta. Nitaulizwa mimi."

Nikamwambia, "Dada, naelewa. Nipe masharti."

Akanipa matatu. Windows isiondoke. Jumapili mchana, kikao kikianza, faili lifunguke. Na kabla sijagusa chochote, nakala iwepo na aione kwa macho yake. Hilo la mwisho, msomaji, ndilo lenye akili kuliko yote. Tulinakili faili kwenye fleshi mbili, tukaenda nazo kwa jirani mwenye kompyuta, tukalifungua huko, dada akasoma jumla ya chini kwa sauti. Kisha akachapa kurasa zote na kuzifungia kabatini. Nakala ambayo hujawahi kuifungua kwingine usiiite nakala. Hayo ni matumaini tu.

Mshikemshike wa kwanza ukaja kwenye nafasi. Diski yetu imeandikwa 500 GB, lakini Windows inaisoma kama 465. Hujaibiwa, usimtukane muuzaji. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, namba inakuwa kubwa zaidi kidogo, kwa hiyo GB zinaonekana pungufu. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Kwenye ile C tulikuwa na zaidi ya 300 GB tupu. Nikafungua Disk Management ndani ya Windows, nikaiambia ipunguze C ili mgeni apate pa kulala. Unajua ilinipa ngapi? 14 GB! Yaani mtu ana ukumbi mzima, anakukatia kona ya kuweka ndoo.

Sababu yake ni hii. Windows ikipunguza chumba, inasogeza ukuta kutoka mwisho kuja mbele. Ikikuta mbele yake kuna mzigo usiohamishika, ukuta unasimama hapo hapo, hata kama nyuma ya mzigo ni patupu. Mizigo yenyewe ni faili linalotunza kumbukumbu mashine ikilazwa, faili la kusaidia memori, na zile picha za kurudishia mfumo hali ya zamani. Dawa ni kuitoa mizigo kwa muda. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika powercfg /h off, la kwanza likafutika. La memori nikalizima kwenye mipangilio, za kurudishia nikazifuta, nikazima mashine na kuiwasha upya. Nilipojaribu tena, ukuta ukasogea bila kelele. Nikachukua 120 GB, nikarudisha faili la memori mahali pake.

Hapo katikati kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikwambii. Betri ya laptopu ya mtumba inashika dakika ishirini, na hiyo ni kama imeamka vizuri. Umeme ukikatika wakati ukuta unasogezwa, unaweza kuamka na nyumba isiyo na ukuta. Kwa hiyo kwanza nilichungulia Luku, zimebaki yuniti nne. Nikaenda kununua nyingine. Kisha nikaazima ile UPS ya kibandani, inayolinda mashine ya kopi, nikachomeka laptopu humo. Dada alicheka, lakini nilimwona anafurahi kwamba sifanyi mambo kwa pupa.

Nikawasha mashine kwa fleshi ya Mint. Ikawaka vizuri, rangi ya kijani, kila kitu poa. Nikaingia kwenye kuinstoli, nikafika sehemu ya diski. Ile nafasi niliyoihangaikia siku nzima naiona, imeandikwa 128,849 MB. Windows ilisema 120 GB, Linux inasema karibu 129. Ni kitu kilekile, ndiyo ile hesabu ya baiti bilioni niliyokueleza. Lakini pembeni yake kuna neno moja la Kiingereza lililonikata maini: haitumiki. Yaani nafasi ipo, naiona, lakini haiwezi kutumika!

Hapa wengi ndipo wanapokata tamaa na kubonyeza lile chaguo la kufuta diski nzima. Thubutu! Ukilibonyeza, hesabu za kina mama zinakwenda na maji.

Tuelewane kwanza kwa nini. Diski za mtindo wa zamani zina daftari la wapangaji, linaitwa MBR. Limekaa kwenye kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512 tu. Baiti 446 ni za programu ndogo ya kuwashia mashine, mbili za mwisho ni muhuri, na zinazobaki katikati ni 64. Kila chumba, ambacho mafundi wanakiita patisheni, kinaandikwa kwa baiti 16. Chukua 64 gawa kwa 16, unapata nne. Basi. Daftari lina mistari minne tu. Utaratibu huo ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, enzi ambazo diski ya 10 MB ilikuwa utajiri. Nani angewaza kuna mtu atataka chumba cha tano?

Nikahesabu vya kwetu. Kimoja kidogo cha kuwashia Windows. Cha pili ni C. Cha tatu cha kurudishia mfumo kama ulivyotoka kiwandani. Cha nne, kidogo vilevile, cha vifaa vya kampuni iliyounda mashine. Vinne! Daftari limejaa. Mgeni ana kiwanja, lakini hana mstari wa kuandikwa jina.

Wakati naumiza kichwa akapita mshikaji mmoja wa kijiweni, anajiita fundi, alikuja kutoa kopi. Akachungulia, akacheka. "Hiyo mbona mchezo? Rudi Windows, bonyeza pale patupu, tengeneza chumba kipya, ikikuuliza kitu sema ndiyo." Tukarudi Windows. Kweli ikauliza. Ikatoa onyo refu, inataka kuigeuza diski iwe ya aina inayoitwa "dynamic". Jamaa keshanyoosha mkono kwenye mausi. Dada akamshika.

"Subiri kwanza kaka. Hayo maandishi umeyasoma?"

"Hayo ya kawaida tu, sista."

Dada akayasoma yeye, pole pole, kidole kwenye kioo, kama anavyosoma barua za wateja kabla hajazichapa. Onyo lilikuwa linasema wazi kwamba ukikubali, hutaweza kuwasha mfumo mwingine kutoka kwenye diski hiyo, isipokuwa ule uliomo sasa. Yaani ungekuwa mwisho wa Linux pale pale, na kurudisha diski kama zamani kwa kutumia chombo hichohicho cha Windows kunataka ufute vyumba vyote. Fundi wetu akachukua kopi zake, akaaga. Dada hakumtania wala nini. Alinigeukia akaniambia, "Kazi ya katibu ni kusoma kabla ya kusaini."

Njia iliyofaa ni hii. Katika vile vyumba vinne, tafuta kimoja kinachoweza kuondoka bila mtu kulia. C haiondoki. Cha kuwashia hakiondoki. Cha kurudishia mfumo tuliamua kibaki. Kile cha vifaa vya kampuni ndani yake mlikuwa na programu za kupima mashine tu, hatujawahi kuzitumia. Tukazinakili kwenye fleshi, tukakifuta. Mstari mmoja ukapatikana.

Lakini usiutumie huo mstari kwa chumba kimoja tu, utabanwa tena kesho. Ujanja wa MBR ni kwamba mstari mmoja unaweza kuandikwa banda kubwa, na ndani ya banda ukakata vyumba vidogo kadri unavyotaka. Hivyo vidogo vinaitwa "logical", na Linux inalala humo bila manung'uniko. Nikarudi kwenye Mint, nikakwepa kabisa chaguo la kufuta diski, nikachagua lile la mwisho la kujipangia mwenyewe. Nikakata 40 GB za mfumo, 4 za kusaidia memori, zilizobaki za mafaili yangu, vyote "logical". Neno la haitumiki likawa limekufa.

Chini ya ukurasa huo kuna mstari unaouliza kiwashio kiwekwe wapi. Usiupite kama hujauona. Diski ya ndani kwa kawaida inaitwa sda na fleshi sdb, ila usiamini jina, amini ukubwa: yenye 500 GB ndiyo diski. Na kwa mashine ya MBR unaweka kwenye diski yenyewe, siyo kwenye mojawapo ya vyumba. Ukikiweka kwenye fleshi, siku ukiichomoa unaweza kukuta hakuna mlango wa kuingilia Linux.

Mtego wa tatu hauonekani kwa macho, na ndio ungeweza kuumiza faili la dada. Tangu Windows 8, mwaka 2012, ukiizima Windows kwa kawaida haizimiki yote. Inalala jicho moja wazi ili kesho iwake haraka. Ni kama mpangaji aliyesafiri akaacha jiko linawaka chumbani. Linux ikija ikakuta alama hiyo, inagoma kuandika humo, inakuruhusu kusoma tu. Vijana wengine wanalazimisha. Usilazimishe! Windows ikiamka inakuta vitu vimehamishwa, inachanganyikiwa, mafaili yanaharibika. Kwetu ilishakuwa salama, kwa sababu ile amri ya powercfg niliyoandika mwanzo inazima na tabia hiyo. Wewe ambaye hukuihitaji, nenda kazime "fast startup" kwenye mipangilio ya umeme.

Najua kuna msomaji anasema, "Mimi mashine yangu mpya, hayo ya 1983 hayanihusu." Ni kweli, na siyo kweli. Mashine mpya zinatumia daftari jingine liitwalo GPT, ambalo kwa kawaida lina mistari 128. Chumba cha tano siyo tatizo hata kidogo. Lakini mpangaji wa huko ana kufuli. Rafiki yangu mmoja aliletewa laptopu mpya na mjomba wake, tukakuta Windows imefunga C kwa BitLocker. Ukibadilisha utaratibu wa kuwasha bila kujiandaa, inaweza kukudai ufunguo wenye tarakimu 48, na usipokuwa nao vitu vyako vimekwenda. Kwa hiyo kwanza tuliutafuta ufunguo kwenye akaunti yake, tukauandika kwenye karatasi, karatasi ikakaa mbali na mashine.

Kisha Linux ikasema haioni diski yoyote. Haikuwa mbovu. Kule kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, diski ilikuwa imewekwa kwenye hali ya RAID inayosimamiwa na programu ya Intel. Linux ilitaka AHCI. Lakini ukibadilisha ghafla tu, Windows nayo inagoma kuwaka. Unaiambia kwanza iwake kwenye "safe mode", unabadilisha njiani, inaamka inajizoesha, halafu unairudisha hali ya kawaida. Na kile chumba kidogo kiitwacho EFI, mara nyingi cha 100 MB, usikifomati hata ukishawishiwa. Hapo ndipo wote wawili wanapoweka viwashio vyao. Ni kama korido ya nyumba, hakuna mwenye haki ya kuijengea ukuta.

Ukiangalia vizuri, katika visa vyote hivyo mgeni hakuwa na tabu. Tabu ilikuwa ni kujua nini kinamilikiwa na nani kabla ya kuleta kitanda. Ukubwa wa nafasi tupu haukwambii kama nafasi hiyo imeachiwa. Uliza nani ameshika mstari kwenye daftari, nani ana ufunguo, nani amelala jicho wazi. Ukishapata majibu, kuinstoli kwenyewe ni nusu saa na chai moja.

Kwetu ilimalizika Jumamosi usiku. Tulipowasha, orodha ikatokea: Linux juu, Windows chini kabisa, na ukikaa kimya sekunde kumi inaingia Linux yenyewe. Dada akakunja uso.

"Hii imekuwaje? Mkubwa nani humu ndani?"

"Wewe dada."

"Sasa jina langu mbona liko chini?"

Nikacheka, nikarekebisha. Usipogusa kitu sasa inaingia Windows, mwenye kutaka Linux abonyeze mshale. Mimi mdogo, nitabonyeza.

Jumapili kina mama walikuja na vitenge vyao, wakaketi kwenye mikeka. Dada akafungua faili. Akatoa zile karatasi kabatini, akamkabidhi mweka hazina, wakasoma jumla pamoja, yeye kwenye kioo na mwenzake kwenye karatasi, mpaka shilingi ya mwisho. Zililingana. Mama mmoja akauliza kwa nini leo wanahakikisha mara mbili. Dada akamjibu kwamba kuanzia sasa itakuwa hivyo kila kikao, halafu akaita jina la kwanza kwenye orodha ya mgawo.